Kulinda simu, kamera na kompyuta dhidi ya chumvi ya bahari: mwongozo kwa wakazi wa Lamu

Mtu anayependa vifaa vya elektroniki na anayeishi Lamu ana kazi moja zaidi ya mwenzake wa bara, nayo ni kupambana na chumvi. Simu, kamera, kipakatalishi, diski ya kuhifadhia picha na hata ruta ya intaneti vyote huingiwa na hewa ileile inayokula misumari ya milango na kuzifanya bawaba zilie. Kwa kuwa uharibifu wa vifaa hivi hutokea ndani, mahali pasipoonekana, wengi huja kuujua siku kifaa kinapokataa kuwaka.

Ni vizuri kuelewa kwanza jinsi uharibifu wenyewe unavyotokea, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinatokana na jambo hilo moja. Kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Sehemu kubwa ni chumvi ya kula, ambayo huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, kiwango ambacho usiku wa Lamu hukipita bila shida. Ndani ya chumvi hiyo ya bahari mna pia kloridi ya magnesiamu, ambayo hulowa hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Kwa hiyo chembe ya chumvi iliyojibanza kati ya pini mbili za tundu la chaja haikauki kabisa katika hewa yetu: mchana hukauka nusu, usiku ikaloa tena. Chumvi iliyolowa hupitisha umeme, na kifaa kikiwa kimewashwa au kimo kwenye chaja, mkondo mdogo hupita kati ya pini na pini, na ile ya upande chanya hulika upesi ikaacha unga wa kijani, ambao ni kutu ya shaba. Maji matupu yakikauka yamekwisha, lakini chumvi hubaki na kuyaita maji mengine.

Pwani hii si ngeni kwa elektroniki za hali ya juu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Setilaiti ile, hata hivyo, haikukaa sana katika hewa yetu na ilikuwa na wahandisi wa kuiangalia. Simu yako itakaa humu kwa miaka, na wa kuiangalia ni wewe.

Hatua ya kwanza: chagua mahali pa kuweka vifaa nyumbani

Nyumba za kale za Mkomani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na kuta hizo hunyonya unyevu na kuutoa polepole. Zidaka zilizochongwa ukutani zinapendeza kwa vyombo vya kaure, lakini si mahali pa kuweka diski ya kompyuta wala kamera, hasa katika vyumba vya chini vilivyo karibu na birika la maji. Weka vifaa juu ya rafu ya mbao, katika chumba cha ghorofani, na uache nafasi ya upana wa kiganja kati ya rafu na ukuta ili hewa ipite. Dirisha linaloelekea baharini lifungwe wakati wa kusi, upepo unapovuma kwa nguvu kutoka upande wa bahari kuu. Mkazi wa Shela anahitaji kulizingatia hili kuliko mkazi wa mjini, kwa kuwa mji umekingwa kidogo na kisiwa cha Manda.

Vifaa usivyovitumia kila siku, kama vile kamera, lenzi na diski za akiba, viweke ndani ya kontena la plastiki lenye kifuniko cha mpira kinachobana, aina ile inayouzwa kwa ajili ya kuwekea vyakula. Humo ndani tia vifuko vya silika, ambavyo ni vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba na ambavyo watu huvitupa. Ukipata silika yenye rangi ni bora zaidi, kwa sababu hubadilika rangi ikishashiba maji: ya machungwa huwa ya kijani, na ya samawati huwa ya waridi. Silika iliyoshiba haitupwi. Chembe zake hutolewa kifukoni na kukaushwa kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi kwa saa moja au mbili, kisha hurudishwa kazini. Asiye na oveni anaweza kuzikausha juu ya moto mdogo katika sufuria kuukuu ambayo haitapikiwa tena, kwani silika ya samawati hutiwa kemikali ya kobalti ambayo ni sumu.

Ukiweza, nunua kipimo kidogo cha unyevu na ukiweke ndani ya kontena. Lenga asilimia 40 hadi 50. Unyevu ukizidi 60 kwa muda mrefu, kuvu huanza kuota juu ya vioo vya lenzi kama nyuzi za utando wa buibui, na kuvu ikishakula ile rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, fundi anaweza kuiondoa lakini alama zitabaki. Jambo jingine linalowapata wapiga picha ni kutoka na kamera katika chumba chenye kiyoyozi na kuipeleka nje ghafla, ambapo mvuke hugeuka maji juu ya lenzi na ndani yake. Kamera itiwe mkobani na mkoba ufungwe kabla ya kutoka chumbani, na usifunguliwe mpaka kamera ipate joto la nje.

Hatua ya pili: jiandae kabla ya kupanda boti

Anayevuka kutoka Mokowe, anayekwenda kupanda ndege Manda, au anayekwenda Shela kwa boti, hurushiwa maji ya bahari hata siku ya shwari. Zamani watu walizifunga simu kwa mfuko wa nailoni, lakini tangu marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo haipatikani madukani, na kusema kweli haikuwa kinga ya maana. Nunua mfuko maalumu wa simu, ule wenye kifungio cha kubana na kamba ya kuvaa shingoni. Kabla ya kuuamini, ujaribu nyumbani: tia ndani yake karatasi kavu ya shashi, uufunge, uuzamishe katika ndoo ya maji kwa nusu saa ukiuwekea kitu kizito juu, kisha uitazame shashi. Ikiwa na doa la unyevu, rudisha mfuko dukani.

Wengi huniambia kwamba simu zao haziingii maji, kwa hiyo hawana haja ya mfuko. Alama ya IP67 maana yake ni kwamba simu, ikiwa mpya, ilizamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila kudhurika; IP68 ni zaidi ya hapo, kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe ameutaja. Tarakimu ya kwanza, yaani 6, inahusu vumbi. Majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, katika maabara, na kinachozuia maji ni gundi na mipira myembamba inayochoka kwa joto na kwa umri. Simu iliyodondoka ikapata ufa, au iliyowahi kufunguliwa na fundi bila kutiwa gundi mpya, ihesabiwe kuwa haina kinga, hata kama alama ingali imeandikwa kwenye boksi.

Simu isikae katika mfuko wa shati. Mahali pa hatari zaidi si katikati ya bahari bali ni pale kwenye ngazi za gati, boti inapopanda na kushuka nawe umeinama kumpa mwenzako mkono au kupokea mzigo. Simu zinazookotwa na vijana chini ya ngazi hizo zimetoka katika mifuko ya mashati.

Hatua ya tatu: tengeneza mambo ya umeme

Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Chaja nzuri huandikwa kwamba hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme ukipungua nguvu chaja ya simu haidhuriki. Kinachoua vifaa ni mshtuko wa umeme unaporudi baada ya kukatika. Umeme ukikatika, chomoa kompyuta, runinga na ruta, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuchomeka. Kama hutaki kazi hiyo, nunua kilinda volti chenye saa ndani yake, kinachochelewesha umeme mpaka utulie.

Soketi na plagi nazo huliwa na chumvi. Shaba ikishika kutu, plagi hulegea na kupata moto, na ukiona plastiki imeanza kuwa nyeusi, acha kuitumia soketi hiyo na umwite fundi wa umeme. Tabia ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie ni mbaya kila mahali, na ni mbaya zaidi katika nyumba yenye sakafu iliyolowa maji na watu wasiovaa viatu. Matundu mawili ya chini yana vizuizi vilivyowekwa kwa makusudi, ambavyo hufunguka pini ya ardhi ikiingia kwanza katika tundu la juu. Nunua chaja ya pini tatu.

Kuhusu betri, yale yanayosemwa mitandaoni mengi ni kelele. Betri ya lithiamu huchoshwa na mambo mawili yakikutana, yaani joto na kujazwa mpaka juu. Kuiacha kati ya asilimia 20 na 80 kunasaidia, lakini kwa hali yetu joto ndilo kubwa. Apple hupendekeza iPhone itumiwe katika joto la kati ya nyuzi 0 na 35, na siku za kaskazi simu iliyoachwa juu ya sitaha ya boti juani hupita kiwango hicho upesi sana. Anayechaji kwa paneli ya jua aiweke paneli juani na simu kivulini. Simu isichajiwe chini ya mto wa kulalia. Kifaa kitakachokaa bila kutumiwa kwa miezi kiwekwe kikiwa na chaji ya nusu.

Pawa benki ni lazima Lamu, lakini jifunze kuisoma. Iliyoandikwa mAh 20,000, yaani saa-ampea 20, ina betri za volti 3.7, na ukizidisha 20 kwa 3.7 utapata saa-wati 74, ambazo ndizo kipimo cha nishati iliyomo. Simu hupokea umeme wa volti 5 au zaidi, kwa hiyo kiasi kinachofika kwenye simu ni pungufu ya ile namba kubwa iliyoandikwa mbele, na kingine hupotea kwa joto. Hesabu hii inafaa pia uwanja wa ndege wa Manda, kwa sababu mashirika ya ndege huruhusu pawa benki isiyozidi saa-wati 100 bila kuomba kibali, na sharti iwe katika mkoba wa mkononi, si katika mizigo ya chini.

Hatua ya nne: safisha kila wiki, kwa mpango wake

Anza na mchanga. Mchanga wa vilima vya Shela una chembe za kwatzi, ambazo katika kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7, nacho kioo cha simu ni kama 6. Anayefuta skrini kwa pindo la kikoi akiwa ufukweni anaikwaruza kwa mkono wake mwenyewe. Puliza mchanga kwanza kwa pampu ndogo ya mpira inayotumiwa na wapiga picha. Usipulize kwa mdomo, maana mate nayo ni unyevu.

Baada ya mchanga ndipo uiondoe chumvi, na hapa ndipo watu wengi hukosea mpango. Chumvi haiyeyuki katika spiriti, au huyeyuka kidogo mno. Huyeyuka katika maji. Anayefuta simu kwa spiriti peke yake huisogeza chumvi kutoka pembe moja kwenda nyingine. Chukua kitambaa laini cha kufutia miwani, kiloweshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukikamue mpaka kisidondoke tone, kisha ufute kifaa chote kikiwa kimezimwa: kingo, vitufe, pembe za kamera, na wavu wa spika, ambao chumvi ikiuziba sauti hufifia. Kisha pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo ili kufukuza maji yaliyobaki. Spiriti inayofaa ni pombe ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, ambayo mafundi wa simu wanayo. Ile spiriti ya kusafishia vidonda inayouzwa katika maduka ya dawa ina maji zaidi, na nyingine huchanganywa na mafuta ya kulinda ngozi, ambayo hubaki juu ya pini yakakusanya vumbi.

Tundu la chaja litazame kwa tochi. Utaona ulimi mwembamba katikati, na juu yake pini ndogo zilizopangwa safu. Tundu la USB-C lina pini 24, kumi na mbili kila upande. Zikiwa zinang'aa kama dhahabu, ni nzima. Ukiona doa la kijani au jeusi juu ya pini moja wakati jirani zake ni safi, pini hiyo ndiyo inayopokea umeme wa chaja, na kutu imeanza kuila. Toa nyuzi na vumbi kwa kijiti cha meno cha mti, kamwe si kwa sindano, kisha upige brashi laini iliyoguswa na isopropili na uache tundu likauke. Ncha ya waya wa chaja isafishwe vivyo hivyo, kwani waya wenye kutu huiambukiza kila simu unayochomekwa. Saa za mkononi na visikizi vya masikioni vina vitufe vya kuchajia vinavyogusana na jasho, na jasho ni chumvi pia, kwa hiyo navyo vifutwe.

Kipakatalishi kisitumiwe juu ya godoro, maana feni yake hunyonya hewa kutoka chini. Wakati wa masika kiwashwe walau mara moja kwa wiki hata kama huna kazi nacho, ili joto lake mwenyewe likaushe unyevu ulioingia.

Hatua ya tano: simu ikianguka baharini

Dakika za kwanza ndizo zenye faida. Itoe majini na uizime papo hapo. Usijaribu kuona kama inafanya kazi, usimpigie mtu kumweleza yaliyokupata, usiichomeke kwenye chaja. Kila sekunde ambayo umeme unapita katika maji ya chumvi, pini zinaliwa. Toa kava, toa kitrei cha laini na memori kadi, na kama ni simu ya aina ya zamani ambayo betri yake hutoka, toa betri. Pangusa nje. Usiitikise kwa nguvu, kwa sababu utayasukuma maji kwenda mahali ambapo hayajafika.

Sasa chumvi iondolewe kabla haijakauka. Simu yenye kinga ya maji, ambayo kioo chake hakina ufa, irudishie kitrei cha laini mahali pake kwa sababu mpira wake ni sehemu ya kinga hiyo, kisha uisuuze taratibu kwa maji baridi, tundu la chaja likiangalia chini. Watu hushtuka wakiambiwa waimwagie maji simu iliyokwisha kulowa, lakini haya ndiyo maelekezo ya watengenezaji wenyewe kwa kimiminika chochote kisicho maji safi. Hapa kwetu kuna tahadhari moja: maji ya visima vingi vya mjini yana chumvichumvi, na kuyatumia ni kurudisha ulichokuwa unakitoa. Tumia maji ya kunywa ya chupa au maji ya mvua.

Simu isiyo na kinga ya maji ni jambo jingine. Maji ya bahari yamekwisha kuingia ndani, na kuimwagia maji zaidi betri ikiwa imo ni kucheza na hatari. Iache ikiwa imezimwa, ipangusie nje kwa kitambaa chenye maji baridi, na umpelekee fundi siku hiyohiyo, kabla chumvi haijaganda juu ya bodi.

Mchele ubaki wa pilau. Mnamo Januari 2024 Apple iliandika wazi katika maelekezo yake kwamba simu isitiwe ndani ya mchele, kwa kuwa vipande vidogo vya mchele vinaweza kuidhuru. Kwetu kuna sababu nyingine iliyo kubwa zaidi: mchele, hata kama ungekausha maji yote, hauondoi hata chembe moja ya chumvi. Ndivyo ilivyo pia kwa kuanika juani, ambako huongeza joto kwa betri na kulainisha gundi ya kioo. Mafundi wa Langoni wamezoea kusikia maneno haya: "Fundi, niliianika kutwa, ikawaka vizuri, sasa imezima tena." Iliwaka kwa sababu maji yalikauka, ikazima kwa sababu chumvi ililoa upya usiku uliofuata. Mashine ya kukaushia nywele nayo iache ilipo.

Iliyosuuzwa ikaushwe mbele ya feni, kivulini, tundu likiangalia chini. Simu nyingi za sasa hutoa onyo la tone la maji tundu likiwa bichi. Kwa maji ya kawaida Apple husema subiri angalau dakika 30, na kwamba kukauka kabisa kunaweza kuchukua hadi saa 24. Kwa maji ya bahari nashauri usubiri siku nzima au mbili kabla ya kuchaji, hata kama onyo limeondoka. Ukiona kioo kimeanza kunyanyuka au mgongo wa simu umefura, betri imeharibika. Usiichaji, usiibonyeze, iweke mahali pasipo na vitu vya kushika moto mpaka itakapofika kwa fundi.

Hatua ya sita: zungumza na fundi

Fundi mzuri atakubali umwulize maswali. Mwambie kwanza kwamba maji yalikuwa ya bahari na ni saa ngapi zimepita, kisha mwulize ataisafishaje bodi. Jibu unalolitafuta ni kwamba ataifungua, ataikata betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote, ataitoa bodi na kuifunua vile vifuniko vya chuma vinavyofunika saketi, ataiosha kwa maji yasiyo na madini huku akipiga mswaki laini, kisha ataipitisha katika isopropili na kuikausha. Maji hayo yasiyo na madini si adimu, kwani ndiyo yanayouzwa kwa jina la maji ya betri kwa wenye magari na sola; msome tu lebo pamoja, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa katika chupa zinazofanana. Fundi akikuambia atapuliza hewa ya moto na kumaliza, tafuta mwingine.

Mwombe pia aanze na picha na maandishi yako kabla ya kuhangaika na kioo na spika, kwa sababu simu iliyowaka baada ya maji ya bahari inaweza kuwa inawaka kwa mara ya mwisho. Hili halitakuwa na uzito mkubwa kwako ukiwa na nakala tatu za kazi zako, katika vifaa viwili vya aina tofauti, na mojawapo ikiwa nje ya nyumba, iwe ni kwa jamaa Malindi au katika hifadhi ya intaneti. Mwisho, mwulize kama atatia gundi mpya ya kuzuia maji wakati wa kufunga. Asipotia, simu hiyo haina kinga tena.

Hatua ya saba: unaponunua simu iliyotumika

Simu nyingi zilizowahi kuingia maji husafishwa nje, zikang'arishwa na kuuzwa. Kagua mchana, si usiku chini ya taa ya duka. Mwombe muuzaji akuruhusu utoe kitrei cha laini, kisha umulike ndani ya tundu lake kwa tochi. Katika simu nyingi, zikiwemo iPhone, humo mna kibandiko kidogo ambacho huwa cheupe au cha rangi ya fedha na hugeuka chekundu kikiguswa na maji. Kikiwa chekundu, maji yamefika. Kikikosekana mahali kinapopaswa kuwa, kuna aliyekibandua, na hilo ni jibu pia.

Tazama parafujo mbili zilizo kando ya tundu la chaja, kama zipo, uone kama zina kutu au vichwa vyake vimechubuliwa. Mulika kioo cha kamera kwa upande uone kama kuna ukungu ndani. Piga *#06# upate namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15, na uilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye boksi au kwenye kitrei. Kwa Samsung, *#0*# hufungua ukurasa wa majaribio ambapo utaweza kupima rangi za kioo, mguso, spika na kamera moja baada ya nyingine. Njoo na waya wako wa chaja unaouamini na uuchomeke pande zote mbili, kwa sababu USB-C iliyoliwa pini upande mmoja mara nyingi huchaji waya ukigeuzwa. Pigia mtu simu, umsikilize, naye akusikilize, kisha urekodi sauti yako na kuicheza, kwani maikrofoni na spika ndizo zinazotangulia kuathirika.

Iache ikichaji kwa robo saa huku mkizungumza bei, halafu iguse mgongo. Joto kidogo ni la kawaida. Ikiwa ina moto sehemu moja tu, karibu na kamera au karibu na tundu la chaja, huenda kuna mahali ndani ambapo umeme unavuja, na bei yoyote utakayoelewana itakuwa kubwa. Na muuzaji akikataa kitrei cha laini kisifunguliwe mbele yake, mrudishie simu yake, umuage.